Gemu za Kutisha za Kompyuta kwa Msimu wa Halloween: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Oktoba ikikaribia ukingoni, maswali huwa yale yale: nicheze nini, nicheze na nani, mashine yangu itaweza, na je, usingizi utakuja? Nimecheza gemu za kutisha kwa miaka mingi na ninazipenda kwa moyo wote. Hapa sijaorodhesha kila kitu kilichopo. Nimetaja zile ninazoweza kumpa rafiki na kumweleza kwa nini.

Neno moja kwanza. Kuna hofu ya kushtuka na kuna hofu ya kungoja. Ya kushtuka ni mlango kubamizwa, uso kujaa kwenye skrini, mayowe. Ya kungoja ni ule ukimya wa ukumbi ambao unajua huna budi kuupita. Wengi wanaosema gemu za kutisha haziwafai wameonja ile ya kwanza tu, na majibu mengi yaliyo hapa chini yanatokana na tofauti hiyo.

Sijawahi kucheza gemu ya kutisha hata moja. Nianze na ipi?

Anza na Oxenfree (2016). Vijana kadhaa wanakwenda kukesha kisiwani, mmoja anachezea redio ndogo ndani ya pango, na kitu kinafunguka ambacho kilipaswa kubaki kimefungwa. Kazi yako ni kutembea, kuzungumza na kuzungusha kitufe cha redio kutafuta masafa. Hutakimbizwa, wala hutaambiwa umekufa kwa sababu vidole vilichelewa. Hofu yake yote imo kwenye sauti: mawimbi yanayokwaruza, wimbo wa kale unaokatikakatika, na watu wanaoongea kwa maneno yaliyookotwa huku na kule.

Ukiimudu hiyo, nenda kwenye Limbo (2010) ya Playdead, studio ya Denmark. Mtoto mweusi kama kivuli, macho mawili meupe, msitu wa rangi ya moshi. Utakufa mara nyingi, na kila kifo kinakuonyesha ulichokosea. Ila mwanzoni kabisa kuna buibui mkubwa kuliko nyumba, kwa hiyo mwenye woga wa buibui airuke bila kuona haya.

Ya tatu ni Little Nightmares (2017). Wewe ni kiumbe mdogo mwenye koti la mvua la njano, unanyata chini ya meza za wapishi wakubwa kama milima. Zote tatu zinamalizika kwa saa nne au tano hivi, kwa hiyo mwisho wa wiki mmoja unatosha kujua kama hofu hii inakufaa.

Mimi sitaki kuogopa. Nataka tu ile hali ya Halloween: maboga, mizimu, majani makavu. Ipo?

Ipo, na wala si chaguo la wanyonge.

Costume Quest (2010) ya Double Fine ndiyo iliyo karibu zaidi na sikukuu yenyewe. Ni ndugu wawili mapacha wanaopita nyumba kwa nyumba usiku wa tarehe 31 Oktoba kuomba peremende, mmoja anatekwa na majini, na mwingine anakwenda kumkomboa. Nguo za kujigeuza walizovaa hugeuka kuwa za kweli wakati wa pambano: boksi la karatasi linakuwa roboti refu kama jengo. Inacheka na kuchekesha kutoka mwanzo hadi mwisho.

Night in the Woods (2017) ni ya mtu mzima anayetaka majani ya vuli, mji mdogo unaokufa taratibu, na siri iliyofichwa mgodini. Grim Fandango, iliyotoka 1998 na kuboreshwa 2015, inakupeleka kwenye nchi ya wafu pamoja na Manny Calavera, karani wa safari za marehemu. Ina mafumbo magumu ya mtindo wa zamani, lakini maandishi yake ni mazuri kiasi kwamba nimeicheza mara tatu nikijua majibu yote.

Na kuna Dredge (2023), kutoka New Zealand: mvuvi, mashua, samaki. Mchana ni utulivu mtupu. Usiku ukikukuta baharini, ukungu unashuka na mambo yanaanza kubadilika. Unaweza kuchagua kurudi bandarini kabla ya jua kuzama kila siku, na kwa njia hiyo kiasi cha hofu unajipimia mwenyewe.

Kwa nini gemu isiyonipa silaha hunitisha kuliko iliyonijaza bunduki?

Kwa sababu silaha ni jibu, na mtu mwenye jibu haogopi sana.

Amnesia: The Dark Descent, iliyotolewa 2010 na Frictional Games ya Uswidi, ndiyo iliyonifundisha hili. Unaamka katika ngome ya Brennenburg mwaka 1839, kumbukumbu imefutika, mkononi huna hata kisu. Ukikaa gizani, akili ya mhusika wako inaanza kuyumba: picha inapinda, meno yanasagana, wadudu wanatambaa mbele ya macho. Ukiwasha taa, zimwi linakuona. Mafuta ya taa ni ya kuhesabu. Na ukilitazama zimwi lenyewe akili inazidi kuharibika, hivyo hata kujua tu liko wapi unakulipia. Hakuna pembe ya ngome hiyo ambayo kusimama ni bure.

Sehemu ninayoikumbuka kuliko zote ni vyumba vya chini vilivyofurika maji. Humo mna kiumbe kisichoonekana. Unachoona ni maji yanayoruka, hatua kwa hatua, yakija upande wako. Unaruka kutoka sanduku hadi sanduku ili miguu isiguse maji, kisha masanduku yanakwisha, na mbele kuna mlango uliofungwa na ukumbi mrefu. Pale hakuna zimwi lililochorwa hata kidogo. Kuna maji tu. Nimekaa juu ya sanduku lile dakika nyingi nikitafuta sababu ya kutoshuka.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika gemu hizi mambo hugeuka: zimwi ukishalijua, linakwisha lenyewe. Ukishaliona mara kumi, ukajua linapita wapi na linageuka lini, linakuwa kizuizi kama mlango. Waundaji wazuri wanalijua hilo na wanapigana nalo. Mfano bora ni Alien: Isolation (2014) ya Creative Assembly, kutoka Uingereza. Kiumbe kinachokuwinda katika kituo cha anga cha Sevastopol hakifuati njia iliyopangwa. Kinaendeshwa na akili mbili: moja inajua ulipo wakati wote, lakini hairuhusiwi kukifichulia kiumbe siri hiyo, inakidokezea tu eneo la kutafuta; ya pili ni kiumbe chenyewe, chenye macho, masikio na subira. Ndiyo maana huwezi kukariri njia zake. Unaweza kusikiliza tu: kikiwa ndani ya mabomba ya hewa juu ya dari, unakisikia kikitambaa.

Hata kuhifadhi mchezo humo ni hatari. Unaingiza kadi kwenye kifaa cha ukutani na kusubiri taa tatu ziwake moja baada ya nyingine, na sekunde hizo chache kiumbe kinaweza kukuua. Sijui gemu nyingine iliyofanya kitendo cha kawaida kama hicho kitoe jasho.

Gemu zenye bunduki zinaweza kufika karibu, kwa njia ya uhaba. Resident Evil ya 1996 inakupa risasi, kisha inakuuliza kama maiti huyu mmoja anastahili tatu kati ya saba ulizo nazo, au umkwepe na kumwacha ukumbini ukijua utapita tena hapo.

Sipendi kabisa kushtuliwa ghafla. Nitabaki na nini?

Na mengi, na nadhani ndiyo mazuri zaidi.

SOMA (2015), ya wale wale walioitengeneza Amnesia, iko chini ya bahari, ndani ya kituo kilichovunjika, na swali lake ni moja: ukinakili akili ya mtu ukaiweka mahali pengine, yule wa kwanza anakuwa nani? Tangu mwisho wa 2017 ina hali salama, ambapo mazimwi yapo lakini hayakuui. Ninapendekeza hali hiyo bila kusita. Kinachotisha katika SOMA ni mawazo, na mawazo hayahitaji mtu wa kukukimbiza.

Darkwood (2017), kutoka Poland, inatazamwa kutoka juu. Unaona tu kile kilicho mbele ya macho ya mhusika, katika pembe nyembamba. Kilicho nyuma yake hukioni. Mchana unaokota mbao na misumari msituni. Usiku unaziba madirisha, unasukuma kabati mlangoni, unakaa pembeni na kusikiliza. Kitu kinasogeza kiti chumba cha pili. Ni hofu ya kungoja iliyo safi kabisa. Waundaji wake walifanya jambo ninaloliheshimu: waliiweka wenyewe kwenye tovuti ya kupakua bure ili wasio na uwezo wa kuinunua waicheze bila kuvunja sheria.

Return of the Obra Dinn (2018) ya Lucas Pope haina hatari yoyote kwako. Meli imerudi mwaka 1807 bila mtu hai, watu 60 hawapo, na wewe ni mkaguzi mwenye saa ya mfukoni inayokurudisha kwenye dakika ya kifo cha kila maiti. Unatafuta jina la kila mmoja na kilichompata. Inscryption (2021) nayo ni mchezo wa karata ndani ya kibanda chenye giza. Ng'ambo ya meza unaona macho tu. Usisome chochote zaidi kuihusu kabla ya kuicheza.

Nitaongeza Subnautica (2018), ingawa haiuzwi kama gemu ya kutisha. Umeanguka kwenye sayari ya maji, huna bunduki, unaogelea. Kisha sakafu ya bahari inakatika chini yako, rangi ya buluu inageuka nyeusi, na kitu kinaunguruma mbali. Watu wasiotishwa na mazombi wametishwa na kina hicho.

Na mimi ninayetaka ile itakayoninyima usingizi?

Amnesia: The Bunker (2023). Ni vita vya kwanza vya dunia, wewe ni askari wa Ufaransa aliyefungiwa handakini na mnyama mmoja anayepita ndani ya kuta. Jenereta inakula mafuta, na mafuta yakiisha taa zinazimika. Tochi yako ni ya kuvuta kamba, na kila unapoivuta inapiga kelele. Fikiria hilo: mwanga wako mwenyewe unamwita adui. Bastola ipo, risasi ni za kuhesabu kwa vidole, na bomu lako linaweza kubomoa mlango uliokuwa unakukinga. Vitu vingi hubadilika mahali ukianza upya, kwa hiyo aliyeimaliza hawezi kukuchorea njia.

Outlast (2013) pia ni kali, lakini kwa njia ya damu na mayowe. Una kamera ya video inayoona gizani na betri zinazokwisha, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili milimani. Saa mbili za kwanza ni za kiwango cha juu kabisa. Baadaye inakimbiza sana na kuachia kidogo, na kwangu mimi hofu inachoka. Pia ina ukatili wa miili ambao si kila mtu ataupenda.

Kompyuta yangu ni ya zamani. Nimekwama?

Hapana. Huu ni mtindo wa gemu ambao mara nyingi hauhitaji kadi kubwa ya grafiki, kwa sababu giza ni rahisi kuchora na akili yako inafanya kazi iliyobaki.

FAITH: The Unholy Trinity (2022) imechorwa kama gemu za miaka ya 1980: vijistari vichache vya rangi, kasisi mwenye msalaba, sauti ya mashine inayotamka maneno kwa kukwama. Kisha ghafla kuna picha ya kuchorwa kwa mkono inayotembea kama mtu halisi, na mwili unasisimka. World of Horror (2023) ni kazi ya daktari wa meno wa Poland aliyeichora kwa Paint, ile programu ya kuchorea inayokuja na Windows. Iron Lung (2022) ya David Szymanski ina chumba kimoja tu: nyambizi ndogo isiyo na dirisha, ndani ya bahari ya damu. Unaendesha kwa namba za ramani, unapiga picha za nje, na picha inatokea polepole kwenye skrini nyuma yako. Inachukua kama saa moja.

Five Nights at Freddy's (2014) ya Scott Cawthon nayo ni nyepesi. Umekaa ofisini kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, unatazama kamera, unafunga milango, umeme unapungua. Inategemea kushtua, nakiri, lakini kinachokuchosha ni hesabu ya umeme. Left 4 Dead 2 ya 2009 bado inakimbia vizuri kwenye laptopu nyingi za kawaida, na Vampire Survivors (2022), isiyotisha kabisa ila imejaa popo na mifupa, itakupotezea usiku mzima kwa mizunguko ya dakika 30.

Za bure zipo?

Zipo, na baadhi zimeacha alama. Slender: The Eight Pages (2012) ni msitu, tochi na karatasi nane za kukusanya. SCP – Containment Breach, ya mwaka huo huo, ina sanamu ambayo haitembei ukiitazama, na mhusika wako lazima apepese macho. Cry of Fear ilianza 2012 kama nyongeza ya gemu nyingine, Half-Life, kisha ikawa gemu kamili inayojitegemea. Ina uzito wa huzuni na kujiua, usiicheze ukiwa na moyo mzito. Ib (2012), ya Japani, ni msichana mdogo aliyepotea ndani ya maonyesho ya picha, nayo ni nzuri mno. Toleo la kwanza ndilo la bure.

Doki Doki Literature Club (2017) inaonekana kama hadithi ya mapenzi ya shule. Sivyo ilivyo. Yenyewe inakuonya mwanzoni kwamba haiwafai watoto na wanaosumbuka kirahisi, na onyo hilo lichukuliwe kwa uzito wake wote.

Tuko watu wanne, kila mmoja na kompyuta yake. Tucheze nini?

Phasmophobia, kama mna maikrofoni. Ilianza kuuzwa Septemba 2020 ikiwa bado inajengwa. Mnaingia nyumba yenye mzimu, si kuupiga, ila kuutambua ni wa aina gani: nani anashika kipimajoto, nani anaweka kamera, nani anabaki garini kutazama skrini. Mzimu unawasikia. Mkiutaja jina, mkiuliza maswali kwenye kisanduku chake cha sauti, unaweza kujibu. Na unapoanza kuwinda, mlango wa mbele unajifunga. Wiki ya kwanza ni tamu kuliko zote. Mkishajua aina zote, mnakuwa mafundi, na fundi haogopi nyumba.

Lethal Company (2023) ni ya vicheko na mayowe kwa pamoja. Mnaokota vyuma chakavu kwenye majengo yaliyotelekezwa ili kufikisha kiwango cha kampuni. Siri yake iko kwenye sauti: mnasikiana kulingana na umbali. Mwenzako anaongea nyuma yako, sauti inakatika katikati ya neno, na hakuna anayeeleza kilichotokea. Ina mpangilio kwa wenye woga wa buibui, unaomgeuza mdudu huyo kuwa neno lililoandikwa tu. R.E.P.O. (2025) inafanana nayo, inachukua hadi watu sita, na mnabeba vitu vya thamani ambavyo kila mkivigonga ukutani bei inashuka.

Ukitaka ushindani, Dead by Daylight (2016): mmoja ni muuaji, wanne ni wakimbizi, jenereta tano lazima ziwashwe ili lango lifunguke. Onyo la kirafiki: wachezaji wa huko ni wazoefu, na siku za kwanza mtapigwa sana.

Kwa kundi ambalo ujuzi haulingani, rudi Left 4 Dead 2. Ndani yake kuna "mwongozaji" wa kompyuta anayetazama mnavyoendelea na kupanga mazombi wangapi waje na lini. Mkilemewa anawaachia mpumue.

Na kama tuna kompyuta moja, tumekaa kochi moja?

Chukueni zile hadithi ambazo kila mtu anashika mhusika wake na pedi inapita mkono hadi mkono. Man of Medan (2019) ina hali iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, hadi watu watano. The Quarry (2022) na Until Dawn, iliyotengenezwa upya na kuja kwenye kompyuta Oktoba 2024, zina vijana wengi kuliko akili zao, na uamuzi wa mmoja unaua wa mwingine. Mtagombana. Ndiyo raha yake.

Obra Dinn pia ni nzuri ajabu mkiwa wawili: mmoja kwenye kipanya, mwingine na daftari.

Mtoto wangu anataka kushiriki. Ipi inafaa?

Costume Quest bila wasiwasi, na Plants vs. Zombies ya 2009, ambayo mazombi wake hakuna anayewaogopa. Anayecheza Minecraft ana jambo lake tayari, nitalieleza mbele kidogo.

Usidanganyike na sura. Little Nightmares ina mhusika mdogo na koti la njano, lakini Ulaya imepewa alama ya miaka 16, na wanaoitazama kwa makini wanaelewa kwa nini. Gemu zenye midoli inayotabasamu, kama Five Nights at Freddy's na Poppy Playtime, hupendwa na watoto wadogo kwa sababu ya midoli hiyo, ilhali zimejengwa kushtua. Soma alama ya umri, kisha icheze nusu saa peke yako kabla ya kumkaribisha. Na mtoto akisema basi, iwe basi papo hapo.

Gemu ninazocheza kila siku zina chochote cha msimu huu?

Huenda. Kwenye Minecraft, tarehe 31 Oktoba, baadhi ya mazombi na mifupa hutokea wamevaa maboga kichwani. Terraria hubadilika tangu Oktoba 10 hadi Novemba 1 kwa kufuata tarehe ya kompyuta yako. Stardew Valley ina usiku wa mizuka tarehe 27 ya vuli ya mchezo wenyewe, pamoja na njia za kupotea na boga la dhahabu mwishoni. Team Fortress 2 imekuwa na sherehe ya Halloween tangu 2009.

Nataka kujua mtindo huu ulikotoka. Za zamani zinachezeka?

Baadhi. Alone in the Dark ya 1992, kutoka Infogrames ya Ufaransa, ndiyo mzazi: jumba la Derceto, kamera zilizosimama pembeni kama macho ya mtu anayekuchungulia. Leo miili yake ya pembe tatu inachekesha na udhibiti ni mgumu. Ichezeni kwa heshima, nusu saa.

Resident Evil ya kwanza nendeni moja kwa moja kwenye toleo lililotengenezwa upya 2002, ambalo liko kwenye kompyuta tangu 2015. Toleo la asili lilikuwa na picha ya mlango unaofunguka taratibu kila ukibadilisha chumba. Ilikuwa inaficha muda wa mashine kusoma diski. Lakini wachezaji walijifunza kuogopa milango. Vivyo hivyo Silent Hill ya 1999: ukungu uliojaa mjini ulificha kwamba PlayStation haikuweza kuchora mbali, na ukungu huo ukawa roho ya gemu yenyewe. Napenda sana hadithi hizi mbili. Udhaifu wa mashine ulilazimisha watu kuficha, na kuficha ndiko kunakotisha.

Silent Hill 2 iliyotengenezwa upya na Bloober Team ya Poland, Oktoba 2024, ni njia nzuri ya kuingia mjini humo, ila inahitaji kompyuta yenye nguvu. Asiye nayo achukue Signalis (2022), kazi ya watu wawili wa Ujerumani: nafasi sita tu za kubebea vitu, redio, barafu, na upendo uliokataa kufa.

Nipange chumba vipi?

Sauti kwanza. Hedifoni ya kawaida inashinda spika kubwa, kwa sababu hofu ya kungoja inakaa kwenye vitu vidogo: mbao kulia, pumzi kushoto. Zima taa ya chumba lakini usiongeze mwangaza wa skrini. Gemu nyingi zitakuuliza mwanzoni usogeze kipimo hadi alama fulani ionekane kwa shida. Fuata maelekezo hayo, kwani anayeongeza mwanga ili aone vizuri anakuwa amelipa pesa na kuitupa gemu. Weka simu mbali.

Ukipata kizunguzungu, tafuta kwenye mipangilio mtikisiko wa kamera uuzime, na upanue upeo wa macho. Mwenye kifafa au anayeumizwa na taa za kumemeteka asome maonyo kwanza. Mtindo huu unazipenda mno.

Ninaogopa kiasi cha kushindwa kuendelea. Nifanye nini?

Ondoa sauti dakika mbili uone zimwi lilivyo pungufu bila muziki. Au cheza na mtu pembeni, hata kama hashiki chochote. Mimi huweka lengo dogo: nifike mlango ule, nihifadhi, ninyanyuke. Na kuacha katikati si kushindwa. Outlast niliiacha mara mbili kabla ya kuimaliza.

Ninunue lini?

Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, huwa na tamasha la gemu za kutisha mwishoni mwa Oktoba, na punguzo huwa kubwa, hasa kwa zile za zamani. Pakua matoleo ya majaribio wakati huo. Ukinunua ikakushinda, Steam hurudisha pesa kwa kawaida ndani ya siku 14, mradi hujaicheza zaidi ya saa 2. Saa mbili zinatosha kujua.

Nina usiku mmoja tu. Nitajie moja.

Kama una saa moja, Iron Lung. Kama una usiku mzima, Amnesia: The Dark Descent. Ni ya 2010, inakimbia kwenye mashine za zamani, haina hata fimbo ya kujitetea. Anza giza likiingia, taa imezimwa, hedifoni masikioni. Na ukifika kwenye yale maji, panda sanduku la kwanza mara moja.